Ngoma ya Ng'ombe Aliyekataa Maji

Emiliana hakuwa mwepesi wa kusifu. Lakini alasiri ile, uani kwa rafiki yake Salama pale Magarama, mjini Gitega, mjukuu wake Happy alipoingia katikati kucheza huku mkono wa kulia umepinda juu ya jicho, yule mama alijikuta rozari iko kiganjani na hakumbuki ameitoa saa ngapi.

"Bihogo wa nyumbani, mwenye mwendo wa bibi harusi," Salama akaanza, kakaa nyuma ya cherehani yake kama malkia.

"Shuka, maji yanakuita," wasichana wakaitikia kutoka ukutani, makofi yao mepesi kama mtu anayepepeta mchele.

Haikuwa ngoma ya kurukaruka. Ilikuwa ngoma ya shairi: mmoja anatamka, wengine wanaitikia, na mchezaji analichukua kila neno na kulivisha mwili. Shairi lenyewe lilimsifu ng'ombe, huyo Bihogo. Kuinua mikono iwe pembe, hilo kila mwanamke wa Burundi analijua hata akiwa mgonjwa kitandani. Ila katika ngoma hii mkono wa kushoto tu ndio uliokwenda juu ukanyooka. Wa kulia ulitoka vizuri, halafu ukavunjika kwenye kiwiko na kushuka mpaka vidole vikagusa nyusi. Na miguu nayo ilikuwa na mambo yake. Ilishuka, ikapita kando ya kitu kisichoonekana, ikafika mahali ikakataa. Shairi linasema Bihogo kanywa, karudi, tumbo limejaa. Miguu inazunguka pale pale, shingo inainama, pua inanusa ardhi.

Happy akasimama, jasho linamtiririka. "Bibi, mbona mdomo unasema kanywa, na miguu inasema hajafika hata majini?"

"Ndivyo nilivyopewa."

"Lakini nani alisema..."

"Ndivyo nilivyopewa, Happy. Rudia."

Salama akacheka mpaka kitambaa kikamtoka mkononi. "Mwache mutoto aulize, Mama Emi! Mi mwenyewe najiulizaka. Huyu ng'ombe iko mulevi?"

Wasichana wakaangua kicheko. Emiliana hakucheka. Alikuwa anamwona mama mkwe wake, Ursula, kule kambini Tanzania, kashika bua la muhindi, anamchapa nalo kwenye kiwiko kila alipokinyoosha. "Maneno ukisahau, tafuta mengine," Ursula alikuwa akisema. "Mikono na miguu usiguse." Emiliana alikuwa bi harusi mpya wakati huo, akaona ni ukali wa wazee tu. Ursula alifia ugenini bila kueleza zaidi. Mwanawe Longino, mume wa Emiliana, alibebwa mgongoni wakati wa kukimbia, na kuhusu kwao alijua neno moja tu: Muyinga. Kilima, yaani kijiji chenyewe, hakukijua. Kila alipomuuliza mama yake, mama alimjibu kwamba kilima ni kilima. Kwa hiyo waliporudi Burundi na wakubwa wakamuuliza shamba la baba yake liko wapi, Longino alisimama mbele yao kama mtoto aliyepotea sokoni. Wakaishia Gitega, kwa msaada wa akina mama wa kanisa, na Longino akafa huko Gitega, kitandani, akiulizauliza Muyinga iko upande gani.

Ndiyo maana mwaliko ulipokuja kutoka Buhinyuza, Emiliana hakungoja wenzake waseme. Ushirika wa wakulima wa kahawa ulikuwa unafungua ghala jipya. Mwenyekiti wao, Mzee Damiano, mtu wa ng'ombe, alitaka ngoma za ng'ombe za zamani, siyo hizi za redioni, na mtu mmoja wa Magarama alikuwa amewataja.

"Buhinyuza ni Muyinga," Emiliana alisema. "Angalau nikanyage mkoa wa mume wangu kabla sijafa."

"We unapenda sana kufa," Salama akamwambia. "Kwanza tukule kuku ya watu."

*

Walifika Ijumaa mchana kwa gari walilolikodi, vumbi la kiangazi limewapaka nywele rangi moja, wazee kwa watoto. Aliyewapokea alikuwa Crispin, mtoto mkubwa wa Damiano, mwanamume wa miaka arobaini hivi, mcheshi, mikono mikubwa.

"Karibuni, bamama! Muko wengi hivi? Baba aliniambia nipike sufuria moja!"

Nyumba ilikaa juu ya mteremko, vigae vipya, zizi kubwa kando yake. Mzee Damiano alitoka na fimbo na kofia, mrefu, mkavu, na sauti ndogo ya mtu anayejua atasikilizwa. Aliwapa maziwa kwa mkono wake mwenyewe. Salama alipoletewa chakula aliambiwa kuku wake amechinjwa na Mwislamu, fundi mmoja wa senta, kule penye maduka, aliyeitwa makusudi.

"Mama yangu!" Salama akanong'ona. "Huyu muzee anajua kupokea watu."

Emiliana naye alimshukuru Mungu. Lakini alipokuwa anamshukuru macho yake yalikuwa yanazunguka, kwani ndivyo alivyozoea tangu kambini, kuangalia kwanza mlango wa kutokea. Akaona jambo. Watoto waliokwenda kuteka maji hawakushuka moja kwa moja. Njia ya mkato ilikuwepo, fupi na wazi, inapita kando ya jiwe kubwa hadi kwenye migomba na kijito. Wao walizunguka mbali, kwenye miiba, madumu yakiwagonga miguu. Hata mbuzi wa watu walipitishwa huko.

Kiwanja cha sherehe kilikuwa kimefyekwa hapo hapo chini, kati ya jiwe na migomba. Jioni, kabla jua halijazama, wasichana walishuka kujaribu. Happy aliingia kutoka juu kama kawaida. Mkono wa kushoto ukapanda, wa kulia ukapinda. Salama akatamka, Bihogo akashuka. Na pale ngoma inapotaka mchezaji apinde kiuno kuacha kitu kando, jiwe lilikuwa pale. Si kitu kisichoonekana tena. Lilikuwa jiwe, limemea ukungu, urefu wa mtu aliyechuchumaa.

Happy akaendelea hadi mwanzo wa migomba, miguu ikafika mahali pake pa kukataa, akazunguka mara moja, akasimama.

"Bibi, njoo uone," alisema, na hakuwa anatabasamu. "Ni kama mtu alikata ngoma hii kwa kupima hapa."

Kutoka juu, jikoni kwa Damiano, kukasikika kishindo. Bibi kizee mmoja aliyekuwa anapukuchua maharage alikuwa amesimama, ungo uko chini, maharage yanatiririka mteremkoni, na wala hakuinama kuyaokota. Alikuwa anamtazama Happy. Halafu akatazama kwingine, upesi, kwani Mzee Damiano alikuwa tayari anashuka.

Alishuka polepole akichomeka fimbo ardhini kila hatua.

"Binti ana mwili wa ngoma," alisema. "Nani kamfundisha?"

"Mimi, mzee," Emiliana akajibu.

"Na wewe?"

"Mama mkwe."

"Anaitwa nani, mama mkwe?"

Emiliana hakuwa amezoea uongo, lakini aliona fimbo ya mzee imetulia ghafla. "Tulikuwa kambini, mzee. Kule kila mama mzee tulimwita bibi."

"Ndiyo. Kambini." Damiano akamgeukia Happy. "Mkono huo wa kulia, kesho uunyooshe. Watakuja wakubwa wa komine, watu wa serikali. Sitaki waseme nimewaletea ng'ombe kilema."

"Ngoma iko hivyo, mzee," Happy akasema.

"Inakuwa hivyo kwa sababu hamjafundishwa."

Akaweka fimbo chini ya kwapa, akamshika msichana kiwiko kwa mkono mmoja na kifundo cha mkono kwa mwingine. Akaunyoosha taratibu, kama mtu anayenyoosha waya, mpaka ukafika mwisho, na akaushikilia pale muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Hivi. Umeona unavyopendeza?" Kisha akamwambia Emiliana, bila kumwachia mtoto, "Na sherehe ikiisha abaki hapa. Mke wangu mgonjwa, anapenda vijana. Atajifunza ngoma za kwetu. Crispin atamrudisha."

"Ana shule, mzee."

"Shule zimefungwa," Damiano akasema. "Nimeshauliza."

*

Chumbani walipolala wageni, Happy alikuwa anasugua kiwiko. Alikuwa na miaka kumi na saba na hakuwa amebakiwa na mtu mwingine duniani isipokuwa huyu bibi.

"Bon," Salama alianza. "Mi nasema kweli. Mukono ni mukono tu. Tuunyooshe, tucheze, tukule, turudi Magarama. Iko nini ya kufa nayo?"

"Na huko kubaki?" Emiliana akauliza.

"Hapo tutasema mutoto anaumwa tumbo. Atapata tumbo la kuendesha, nani atamtaka!"

"Nikiunyoosha, na kichwa nitakiweka wapi?" Happy akasema. "Kichwa kinafuata mkono, na miguu inafuata kichwa. Ukiutoa mkono, ngoma nzima inaanguka."

Emiliana alisali rozari yake yote na hakusikia hata fumbo moja.

Asubuhi, ukungu bado uko bondeni, alichukua dumu akashuka kuteka maji, na akaifuata njia ndefu kama wenyeji. Kijitoni alimkuta yule bibi kizee wa jikoni, kama vile walikuwa wamepatana kukutana. Jina lake Kasilda, mjane naye. Hakusalimia.

"Mdogo wangu, nani alikufundisha ile ngoma? Usinipe habari za kambi."

"Ursula," Emiliana akasema.

Kasilda akakaa kwenye majani yenye umande. "Ursula wa Yakobo," alisema, na akalirudia jina la pili kama mtu anayeonja kitu alichokinyimwa miaka mingi.

Akaeleza, sauti ya chini, macho juu kwenye vigae. Yakobo, mume wa Ursula, alikuwa na ng'ombe mmoja, wa rangi ya udongo mwekundu, pembe ya kulia imemshukia jichoni; mwingine wa namna hiyo hajapata kuonekana kilimani. Shamba lilikuwa lake, kuanzia jiwe hadi majini. Damiano, kijana wakati huo, alikaa upande wa juu na hakuwa na maji. Wakagombana. Ikaja ile miaka mibaya ambayo watu walipotea kila kilima, na mtu akipotea hakuna aliyeuliza amepotelea wapi. Yakobo akapotea. Damiano akasema jirani amevuka mpaka, amemtupa mke.

"Lakini Bihogo alikuwa akishushwa kunywa, hapiti pale," Kasilda akasema. "Penye mgomba wa kwanza. Anazunguka, ananusa chini, analia. Kesho hivyo, kesho kutwa hivyo. Kiu inamwua na maji anayaona. Kilima kizima tulimwona."

"Mkafanyaje?"

"Damiano akamchinja. Akatugawia nyama, nyumba kwa nyumba."

Emiliana akaweka dumu chini.

"Tulikula, mdogo wangu. Ndiyo maana hakuna aliyesema. Ursula peke yake aliirudisha nyama mlangoni kwa Damiano, na siku ile ile akamfunga mtoto mgongoni akaondoka." Kasilda akajifuta pua kwa kitenge. "Kumbe alikwenda naye yule ng'ombe, ndani ya ngoma. Mwanamke kumsifu ng'ombe, nani atamkataza?"

Hapo Emiliana akaelewa kwa nini Longino alinyimwa jina la kilima. Mtoto angelijua, angerudi kuuliza; na angerudi kijana, peke yake, kwenye mikono ya nani? Ursula aliificha habari ya mahali alipolazwa Yakobo ndani ya miguu yao, akaifunga kwa maneno ya furaha, na wao, watoto wa kambini, wakaipokea kama ngoma. Wakaipanda gari na kuileta hadi kwenye jiwe lenyewe.

"Nimchukue mtoto tuondoke sasa hivi," alisema.

"Gari litapita mlangoni kwake. Atauliza kwa nini wageni wanakimbia bila kucheza, na atajijibu mwenyewe." Kasilda akasimama kwa shida. "Ukiunyoosha mkono vile vile atajua. Atajua unajua, na kwamba unamwogopa. Hapo huyo binti hatoki humu. Mambo ya Damiano hufanyika watu wakiwa wachache. Leo watakuwa wengi."

Akajitwika maji akaenda zake.

Emiliana alibaki akiwa amepiga magoti ukingoni. Kilichomsumbua kilikuwa amri ya Mungu. Hakuwa ameona lolote kwa macho yake. Je, huku si kumshuhudia jirani uongo? Aliliuliza swali hilo moyoni mpaka jua likagusa maji. Mwisho akamwahidi Mungu jambo moja, kwamba hataongeza kitu. Atatoa alichopewa, kama alivyopewa, na neno la ubaya halitatoka kinywani mwake.

Aliporudi alimwita Happy pembeni. "Leo wewe utatamka shairi. Utasimama bega kwa bega na Salama, karibu na viti vya wakubwa wa komine, usisogee. Mimi nitacheza."

"Bibi, na goti lako!"

"Goti ni langu."

"Kwa nini lakini?"

"Ukiniuliza tena nitalia, na sitaki kulia sasa."

Salama alikuwa amesikia. Alimtazama rafiki yake usoni, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakutafuta mzaha. Akafungua mfuko wa mavazi aliyoyashona, akatoa vitambaa vya mchezaji wa kati, akamfunga Emiliana begani, akakaza fundo.

"Ngoma ikiisha tu," Emiliana akamwambia, "mpakie mtoto garini. Msinisubiri."

"Mama Emi..."

"Salama. Msinisubiri."

Salama akaenda kumwambia dereva ageuze gari lielekee barabarani.

*

Watu walijaa. Wakulima kwa watoto wao, wakubwa wa komine kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, na mbele yao rundo la majembe mapya ambayo ushirika ungewapa wanachama. Mapipa ya pombe ya ndizi yalikuwa bado yamefungwa kwa majani. Damiano alihutubia kidogo, akapigiwa makofi, akakaa.

Emiliana alipoingia, watu walinong'onezana. Walitegemea msichana, wakaona mwanamke wa miaka sitini na goti lililofungwa kitambaa. Damiano mwenyewe alitabasamu na kumwambia neno jirani yake, wakacheka. Alimtafuta Happy kwa macho, akamwona yuko bado kati ya waimbaji, akarudi kutazama.

"Bihogo wa nyumbani, mwenye mwendo wa bibi harusi," Happy akatamka. Sauti yake ilitetemeka, kisha ikashika njia.

"Shuka, maji yanakuita."

Mkono wa kushoto ukapanda. Mkono wa kulia ukatoka, ukafika mbali, ukavunjika kwenye kiwiko, ukashuka mpaka vidole vikagusa nyusi.

Vijana waliendelea kupiga soga. Kimya kilianza nyuma, kwa wazee, kikasogea mbele kidogo kidogo, mpaka mtoto mmoja aliyekuwa analia akasikika peke yake na mama yake akamziba mdomo. Emiliana hakumtazama mtu. Goti lilimuuma, akampa ng'ombe lile goti. Bihogo alikuwa mzee pia, mzigo wa maziwa umemlemea. Alishuka. Alipinda kiuno, akaliacha jiwe kando kwa upana wa kidole. Akatikisa kichwa kufukuza inzi ambao wazee wale waliwahi kuwaona.

"Bihogo kapita jiwe, Bihogo kayaona maji."

"Shuka, maji yanakuita."

Kiwanja kilichofyekwa kikaisha. Ngoma haikuisha. Emiliana akavuka kamba iliyowekwa kuzuia watu, watu wakampisha, akaingia kwenye kivuli cha mgomba wa kwanza na miguu ikakataa. Akazunguka. Akasogea mbele, akarudi nyuma kama aliyekanyaga moto. Shingo ikainama, ikainama, mpaka uso ukawa karibu na ardhi na mkono uliopinda ukatetemeka juu ya jicho.

"Bihogo kanywa, karudi," Happy akatamka, "tumbo limejaa."

Wasichana walitakiwa kuitikia. Kabla hawajafungua midomo, sauti ya mzee mmoja ikatoka nyuma ya umati.

"Hakunywa."

Watu waligeuka. Kasilda alikuwa amesimama juu ya ngazi ya jikoni. "Hakunywa," naye akasema.

"Hakunywa," mwingine. Na mwingine, mwanamke, upande wa ghala. Walikuwa wachache, wenye mvi wote, na kila mmoja alisema mara moja tu na kunyamaza, kama watu wanaotaja majina yao. Wazee wanaume wakavua kofia.

Makofi yakasikika. Alikuwa Damiano, anapiga peke yake.

"Vizuri sana," alisema. "Vizuri. Sasa fungueni pombe."

Hakuna aliyefungua. Crispin alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha baba yake, bado na chupa za wageni mkononi.

"Baba, hawa wanasema nini?"

"Wazee wamelewa."

"Watalewa na nini? Pombe haijafunguliwa."

"Crispin, wahudumie wageni."

Crispin akaweka chupa chini. Alimtazama Kasilda, aliyemlea akiwa mdogo, na Kasilda hakukwepa macho yake. Alimtazama yule mama wa Gitega aliyeinama kwenye mgomba, ambaye hakuwa amemshtaki mtu wala kutaja jina. Halafu akaenda kwenye rundo, akachukua jembe jipya, karatasi ya dukani bado imebandikwa kwenye bapa.

"Tangu utoto tunakatazwa kupita pale," alisema. "Nikiuliza, napigwa. Wacha nichimbe, Baba. Wakiona hakuna kitu watanyamaza. Sivyo? Watatuomba radhi mbele ya wakubwa hawa."

"Weka chini hilo jembe."

"Hakuna kitu pale, Baba. Sivyo?"

Wakubwa wa komine walikuwa wanamtazama Damiano, wakulima walikuwa wanamtazama, na yeye alikuwa anautazama mgomba.

"Si pale," alisema. "Chimba popote unapotaka, mwanangu, siyo pale."

Kiwanja kizima kilimsikia.

Salama alikuwa ameshamshika Happy mkono. Emiliana alisikia mlango wa gari, wasichana wakilia, na sauti ya mjukuu wake ikimwita, "Bibi! Bibi!" Hakugeuka, kwani angegeuka angemfuata. Alisikiliza injini ikipanda mteremko, ikapita mlangoni kwa Damiano bila kuzuiwa, ikafika barabarani, ikaendelea mpaka haikusikika. Ndipo akashusha mkono, na ndipo akakaa chini, miguu ameinyoosha mbele, kama wanavyokaa wanawake penye msiba. Yeye ndiye pekee aliyebaki wa nyumba ya Yakobo mahali pale, na mkwe hawezi kuondoka.

Kasilda alishuka kwa njia ya mkato, wa kwanza kuipita. Akakaa karibu naye. Wanawake wengine wakafuata, wachache, wakichukua nafasi zao ardhini bila kusalimiana.

"Anaitwa Yakobo," Emiliana akasema, na akaanza sala ya marehemu.

Walikuwa katikati ya sala Crispin alipofika na jembe. Aliwaomba wasogee kidogo, kwa heshima, kama anayeomba njia kanisani. Jembe likaingia mara moja, hadi mpini; udongo wa pale ulikuwa laini. Kule juu Damiano alikuwa amesimama, amemwita mtu kwa kidole, na vijana wa nyumbani kwake wakaanza kushuka mteremko na fimbo zao za kuchungia, bila haraka, wengi. Hakuna aliyejua kama wanakuja kumsaidia Crispin au kumshika. Emiliana aliwahesabu kwa jicho moja, akasogeza miguu yake ikazuia njia, na akaendelea kusali.